Maurice Richard: Azabu ya muchezaji mumoja yenye iliwasha moto Montréal

Wakongomani wengi wako na ndugu Montréal, kule Canada. Ukienda kuwatembelea, wanaweza kukuonyesha sanamu ya mutu mwenye kushika fimbo ya hoki. Jina lake ni Maurice Richard. Wakati alikufa, tarehe 27/5/2000, watu zaidi ya 100.000 walipita mbele ya sanduku lake, na serkali ya Québec ilimuzika kwa heshima ya inchi. Mbele yake, hakuna muchezaji hata mumoja mwenye alipewa ile heshima pale.

Lakini huyu mutu njo yule mwenye, katika mwaka wa 1955, alipiga mwenzake kwa fimbo, kisha akapiga ngumi musaidizi wa mwamuzi, na akasimamishwa mpaka mwisho wa musimu. Namna gani mutu wa namna hiyo anakuja kuzikwa sawa vile mukubwa wa inchi? Na ile azabu yenye alipewa, ilikuwa ya haki ao hapana? Ili kujibu, lazima turudie nyuma kidogo.

Mutoto wa mufanyakazi wa gari la moshi

Maurice alizaliwa Montréal tarehe 4/8/1921. Alikuwa wa kwanza katika watoto munane. Wazazi wake, Onésime na Alice, walitoka Gaspésie, upande wa bahari, wakakuja mujini kutafuta maisha. Baba alifanya kazi katika kampuni ya gari la moshi, Canadian Pacific. Katika miaka ya 1930, wakati umaskini ulipiga dunia yote, alipoteza ile kazi, na jamaa ikaishi na musaada wa serkali mpaka kampuni ikamurudisha.

Nyumba yao ilikuwa upande wa kaskazini, karibu na muto wenye kuitwa rivière des Prairies. Wakati wa baridi kule, muto unakuwa barafu, uwanja unakuwa barafu, na mutoto wa maskini hana lazima ya kununua tikiti ili acheze. Maurice alianza kuteleza na viatu vya chuma wakati alikuwa na miaka ine hivi. Kufika miaka 16, aliacha masomo na kuingia kazi ya mashine pamoja na baba yake. Muchana atelier, magaribi hoki.

Montréal ya wakati ule ilikuwa muji wenye watu wengi wanasema Kifaransa. Lakini wakubwa wa viwanda, wa banki na wa magazini makubwa walikuwa wengi wao watu wa Kiingereza. Mutu alikuwa kwake, katika muji wa babu yake, na bado aliamurishwa kazini katika luga ya mwingine, tena kwa mushahara mudogo kuliko wa yule mwingine. Tuweke hilo neno pembeni, juu litarudia.

Mwanzo wa Maurice katika hoki kubwa haukuwa muzuri. Katika mwaka wa 1940 alivunjika kifundo cha muguu. Musimu wenye kufuata, mukono. Alienda kujiandikisha katika jeshi, juu ilikuwa wakati wa vita, lakini wanganga walimukatalia kwa sababu ya ile mifupa. Mwaka wa 1942 ekipi ya Canadiens de Montréal ilimupokea. Alicheza mechi 16 tu, kisha akavunjika muguu tena. Watu wakaanza kusema kama huyu kijana mifupa yake ni ya kioo, afazali arudie ku mashine. Mwaka ule ule alikuwa ameoa Lucille Norchet. Mutoto wao wa kwanza, Huguette, alizaliwa na uzito wa livre 9, na baba yake akaomba ekipi imupatie shati namba 9. Hakuiacha tena mpaka mwisho.

Muchezo wenye kuruhusu kugongana

Kwa wenye hawajaona hoki ya barafu: kila ekipi iko na watu sita uwanjani, mumoja wao analinda goli. Wanafuata kisahani cheusi cha mupira mugumu, na wanakisukuma na fimbo. Sheria inaruhusu kugonga mwenye kuwa na kile kisahani, kwa bega ao kwa mwili. Hairuhusu kupiga mutu na fimbo, kumusukuma kutoka nyuma, wala kuinua fimbo mpaka kichwani. Mwenye kukosa anaenda kuketi pembeni dakika 2, ao dakika 5 kama kosa ni kubwa. Kwa kawaida, wakati wote eko pale, ekipi yake inacheza na mutu mumoja pungufu. Ni sawa vile kadi nyekundu, lakini ya dakika kidogo tu.

Wakati wa Richard, karibu wachezaji wote walicheza kichwa wazi, bila kofia ya kukinga. Mutu akianguka, kichwa kinakutana na barafu, na barafu ni sawa vile sima.

Shampiona kubwa, yenye kuitwa NHL, ilikuwa na ekipi sita tu. Kwa hiyo wachezaji walikutana mara mingi katika musimu mumoja. Deni la mechi ya leo lililipwa katika mechi ya juma lijalo. Hakuna kosa lenye lilisahauliwa.

Roketi

Na huyu kijana wa mifupa ya kioo, wakati mifupa ilishikana, alikuwa kitu kingine. Hakuwa munene, hakuwa murefu. Lakini kutoka musitari wa buluu mpaka ku goli, hakuna mwenye aliweza kumusimamisha. Inasimuliwa kama siku moja alifika mbele ya goli na adui mumoja amemupanda mugongoni, na bado akafunga. Wakamupatia jina la Rocket, ni kusema roketi.

Tarehe 23/3/1944, katika mechi ya mutoano juu ya Toronto, Canadiens walishinda 5-1. Zile goli zote tano zilikuwa za Richard. Tarehe 28/12/1944, aliamuka asubui na kushinda anahamisha vyombo vya nyumba. Magaribi alifika uwanjani amechoka, akafunga goli tano na kusaidia kwa zingine tatu. Ule musimu wa 1944-45, alifunga goli 50 katika mechi 50. Mbele yake hakuna mutu mwenye alifika hapo. Wamoja walisema kama ni juu wachezaji wazuri walikuwa vitani. Lakini vita ilikwisha, wachezaji wakarudia, na Richard akaendelea kufunga. Tarehe 8/11/1952 alifikisha goli 325 na kuwa wa kwanza katika historia ya NHL.

Sasa, mutu wa namna hiyo unamuzuia namna gani? Wafundishaji wa ekipi zingine walipata njia. Walijua kama Richard eko na hasira ya karibu. Basi walituma juu yake muchezaji wa kawaida, mwenye kazi yake ilikuwa kumushika shati, kumukwaruza na fimbo, kumutukana yeye na luga yake. Siku Richard anarudisha, wote wawili wanatumwa pembeni dakika tano. Ekipi ile nyingine inapoteza muchezaji wa kawaida, Montréal inapoteza roketi. Ile ilikuwa biashara ya faida, na sheria yenyewe njo iliifungua mulango, juu ilihesabu mwenye kuanza na mwenye kurudisha sawasawa. Wakati mingine mwenye kurudisha njo alilipa zaidi, kwa sababu yeye njo mwamuzi alimuona.

Damu ya mwaka wa 1952

Tarehe 8/4/1952, Montréal na Boston walicheza mechi ya saba, ya mwisho, ili kujua nani anaingia finale. Katika kipindi cha pili, Leo Labine wa Boston alimugonga Richard kwa nguvu. Richard alianguka na kupoteza fahamu, damu inatoka juu ya jicho. Wakamubeba, munganga akashona kile kidonda.

Katika kipindi cha tatu, akarudi. Kichwa kimefungwa bandeji, akili haijatulia muzuri. Mechi ilikuwa 1-1. Dakika kidogo mbele ya mwisho, alishika kile kisahani upande wake, akapita adui mumoja kisha mwingine, na akafunga. Kuko foto moja yenye kujulikana sana: Richard na bandeji, damu ku uso, anapana mukono na Jim Henry, mulinda-goli wa Boston, mwenye naye macho yake yamevimba. Yeye mwenyewe alisema baadaye kama ile goli hakuikumbuka muzuri.

Watu wa Montréal waliiona kama ushujaa, na ulikuwa ushujaa kweli. Lakini tuiangalie pia na jicho lingine. Mutu alipigwa mpaka akazimia, na saa moja kisha wakamurudisha mbele ya watu wale wale. Hakuna mukubwa wa shampiona mwenye alisema kama kichwa cha mutu kilitaka ulinzi. Wakati huo, kichwa cha muchezaji kilikuwa mali yake mwenyewe, na kama kilipasuka, ilikuwa hasara yake.

Prezida Campbell

Mwenye alitoa azabu katika NHL alikuwa mutu mumoja: Prezida Clarence Campbell. Alikuwa mutu wa sheria, zamani alikuwa mwamuzi wa hoki, na alifanya vita mpaka cheo cha lieutenant-colonel. Aliongoza NHL tangu 1946. Biro yake ilikuwa katikati ya Montréal, na luga yake ilikuwa Kiingereza. Hakukuwa tribinali, hakukuwa mahali pa kukata rufaa kwa kweli. Yeye njo alisoma rapoti, yeye njo aliuliza, yeye njo alikata neno.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1953, Bernard Geoffrion wa Montréal na Ron Murphy wa New York walipigana na fimbo, na Murphy akavunjika taya. Campbell alimukataza Geoffrion kucheza mechi zote zenye kubakia juu ya New York, mechi 8. Murphy alipata mechi 5. Richard alikuwa anaandika katika gazeti moja la Montréal. Alikasirika na kumuita Campbell mutawala wa mabavu, mwenye kufurahia kuazibu Wakanada wa Kifaransa. Campbell alimulazimisha kuomba musamaha, kuweka dola 1.000 kama garanti, na kuacha kuandika.

Tuseme ukweli: taya la Murphy lilivunjika, na Geoffrion njo alilivunja. Azabu ilikuwa lazima. Lakini watu wa Montréal walikuwa wamekwisha kuhesabu. Walihesabu kila fimbo yenye ilimupiga Richard, na dakika mbili mbili zenye wapigaji walipata. Kisha walihesabu feza yenye Richard alilipishwa, zaidi ya muchezaji mwingine yeyote. Hesabu yao haikukutana na ya Prezida.

Tarehe 13/3/1955

Ilikuwa siku ya Mungu, Boston, mechi tatu tu mbele ya mwisho wa musimu. Richard alikuwa wa kwanza kwa pointi katika shampiona yote, kitu chenye hakupata hata mara moja katika maisha yake. Hal Laycoe, mwenye zamani walicheza naye Montréal, aliinua fimbo na kumupasua kichwa. Munganga alimushona nyuzi tano kisha.

Mwamuzi aliinua mukono kuonyesha kosa. Lakini Richard aligusa kichwa, akaona damu. Alimuendea Laycoe na kumupiga fimbo. Wasaidizi wa mwamuzi walimushika, akajitoa, akaokota fimbo ingine, akapiga tena, na moja ikavunjika ku mugongo wa Laycoe. Musaidizi mumoja, Cliff Thompson, alimushika tena. Richard akageuka na kumupiga ngumi mbili.

Askari wa Boston walikuja mpaka ku mulango wa chumba cha wachezaji ili wamufunge. Wenzake walisimama mbele ya mulango wakakataa.

Tarehe 16/3, Richard alifika mbele ya Campbell, kichwa bado na alama. Alijitetea kama kile kipigo kilimutia kizunguzungu, na alizania mwenye kumushika ni mutu wa Boston. Campbell hakukubali. Alikumbusha kama miezi mitatu mbele, kule Toronto, Richard alikuwa amekwisha kupiga kofi musaidizi mwingine na kulipa dola 250. Azabu: hapana kucheza tena mechi za musimu zenye kubakia, na hapana kucheza mechi yoyote ya kombe. Laycoe, mwenye alianza, alipata dakika zake za ile magaribi tu. Hakusimamishwa hata mechi moja.

Usiku wa Forum

Katika miji mingine ya shampiona, wengi waliona kama ile ni haki. Kupiga mwamuzi, hapo hakuna muchezo tena. Montréal ilisikia kitu kingine: mukubwa wa Kiingereza ameazibu tena mutoto wetu. Simu za biro ya Campbell zilijaa matusi, wamoja wakasema watamuua.

Kesho yake, tarehe 17/3, Montréal ilicheza na Detroit katika uwanja wa Forum. Campbell alishauriwa asiende. Alienda, na alifika wakati mechi ilikuwa imekwisha kuanza, watu wote wakamuona. Walimutupia nyanya na mayai. Kijana mumoja alijifanya anataka kumusalimia, kisha akamupiga kofi. Richard mwenyewe alikuwa pale, ameketi kama mutazamaji, anaangalia ekipi yake inapigwa. Kipindi cha kwanza kilikwisha Detroit 4, Montréal 1. Pale pale, mutu alitupa bombe ya gazi ya machozi karibu na fasi ya Campbell. Mechi ikasimamishwa, ushindi ukapewa Detroit.

Watu maelfu walitoka njiani, wakaenda na barabara ya Sainte-Catherine, wanavunja vioo, wanageuza motokari, wanaiba katika magazini. Fujo iliendelea mpaka usiku kati. Makumi ya watu waliumia, makumi walifungwa. Kwa bahati muzuri, hakuna mwenye alikufa.

Kesho yake Richard alienda kusema ku radio, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Hakumutukana Campbell. Aliomba watu watulie, akasema kama anakubali azabu, na kama atarudi mwaka wenye kufuata kusaidia ekipi kupata kombe. Muji ukatulia. Wengi wanaona kama ile njo siku yake kubwa, kupita hata zile goli 50.

Azabu ilimuuma. Geoffrion alimupita kwa pointi moja tu, 75 juu ya 74, na watazamaji wa Montréal wakamuzomea mutoto wao wenyewe kwa kosa la kufunga. Kisha Detroit ilishinda finale katika mechi ya saba.

Mwenye alimutuliza

Ekipi ilibadilisha mufundishaji na kuweka Toe Blake, mwenye alicheza karibu na Richard miaka mingi na alisema luga zote mbili. Mudogo wake, Henri, naye aliingia ekipi. Blake hakumukataza kuwa na hasira. Alimuonyesha faida ya kuilinda: ukirudisha, wanapata kile walitaka, ukifunga goli, wanalipa. Hesabu inaonyesha: musimu wa 1954-55 Richard aliketi pembeni dakika 125, musimu wenye kufuata, 89. Na Montréal ilishinda kombe mara tano kwa kufuatana, kuanzia 1956 mpaka 1960, ine za mwisho Richard akiwa kapiteni. Tarehe 19/10/1957 alifunga goli ya 500, wa kwanza katika NHL. Aliacha kucheza mwezi wa 9, mwaka wa 1960, na goli 544 katika mechi 978.

Wengine waliandika kama ule usiku wa 1955 njo watu wa Québec walianza kuamuka na kudai inchi yao. Richard alikataa hilo neno mara mingi. Alijiita muchezaji wa hoki tu.

Haki ya nani?

Basi, azabu ilikuwa ya haki? Juu ya Thompson, ndiyo. Mwenye kushika filimbi hana fimbo wala wenzake wa kumutetea. Akipigwa, muchezo umekufa. Leo pia NHL haichezi na hilo: muchezaji mwenye kumupiga mwamuzi kwa kusudi na kumuumiza anaweza kukosa mechi zisizo chini ya 20.

Lakini Campbell alimulinda mwamuzi, na kichwa cha muchezaji hakukilinda. Kama Laycoe angesimamishwa mechi hata mbili, kama wenye kumugonga Richard miaka yote ile wangelipa bei ya kweli, pengine watu wangemeza ile azabu, hata na uchungu. Azabu inaweza kuwa ya haki peke yake, na ikawa uonevu wakati unaiweka karibu na zile zenye hazikutolewa. Ilipita zaidi ya miaka 50. Katika mwaka wa 2010 njo NHL iliweka sheria ya kukataza kugonga kichwa cha mutu mwenye haoni anakuja, na mwaka wenye kufuata ikaanzisha biro maalum yenye kuangalia kila kipigo kwa video na kueleza sababu ya azabu mbele ya watu wote. Vichwa vingi vilikuwa vimekwisha kuharibika.

Campbell aliongoza mpaka 1977, akafa katika mwaka wa 1984. Katika mwaka wa 1996, siku Forum ilifungwa, Richard, muzee wa miaka 74, alisimama katikati ya barafu. Watu walisimama na kupiga makofi dakika kwa dakika, hawataki kuacha. Yeye alishusha kichwa, anapanguza machozi. Ilikuwa uwanja ule ule wenye, miaka 41 mbele, ulijaa gazi juu ya jina lake.